Sura ya Saba: Jitu la Mbali na Wadogo wa Karibu

Kati ya mwaka 1751 na 1753, mwanaastronomia Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alikuwa Cape Town akipima nyota za anga la kusini. Aliorodhesha nyota zinazokaribia 10,000 na kuyapa majina makundi mapya 14 ya nyota. Kundi mojawapo, lililo jirani na ncha ya kusini ya anga, aliliita kwa jina la mlima uliosimama juu ya mji ule: Mlima Meza. Leo kundi hilo linaitwa Mensa, na ndani yake kuna nyota hafifu ambayo mtu mwenye macho makali huiona kwa shida pasipo na taa wala mbalamwezi. Ni Pi Mensae. Iko umbali wa miaka-nuru 60 hivi, na inafanana na Jua letu, ila imelizidi kidogo kwa uzito na kwa joto.

Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakiipima kutoka Australia walitangaza kwamba nyota hiyo inayumba. Kilichoiyumbisha ni sayari yenye uzito unaozidi mara 10 uzito wa Mshtarii, sayari ambayo wengi tuliisoma shuleni kwa jina la Jupita. Jitu hilo huchukua miaka 5 na miezi kadhaa kumaliza mzunguko mmoja, na njia yake imevutika mno: upande mmoja hulikaribia jua lake karibu kama Dunia inavyolikaribia Jua letu, upande wa pili huenda mbali kama alipo Mshtarii. Miaka 17 ikapita. Septemba 2018, darubini ya TESS, iliyorushwa na Marekani Aprili mwaka huohuo, ikaona mwanga wa nyota hiyohiyo ukififia kidogo kila baada ya siku 6 na robo. Kumbe kulikuwa na sayari nyingine, yenye upana wa mara 2 hivi ya Dunia, iliyojibana kilomita milioni 10 tu kutoka kwenye nyota.

Jitu la mbali na mdogo wa karibu, chini ya jua moja. Je, wanahusiana? Jitu lilimsaidia mdogo azaliwe, au mdogo alizaliwa licha ya jitu? Sura hii inafuatilia swali hilo, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi wenyewe. Sisi pia tunaishi kwenye sayari ndogo ya ndani, na nje yetu kuna jitu.

Picha ya nusu nusu

Ingekuwa rahisi kujibu kama tungeweza kuziona sayari zote za nyota moja kwa pamoja. Hatuwezi. Njia mbili kuu za kuzitafuta zina upofu wake.

Njia ya kwanza ni kungoja sayari ipite mbele ya nyota yake na kuuzuia mwanga kidogo. Ndiyo iliyotumiwa na darubini ya Kepler, iliyorushwa Machi 2009, ikatazama kipande kimoja cha anga kwa miaka 4, na hatimaye kutupatia zaidi ya sayari 2,600. Njia hii inazipendelea sayari za karibu. Iliyo karibu na nyota yake hupita mara nyingi, na uwezekano wa njia yake kulingana na macho yetu ni mkubwa. Kwa sayari iliyo mbali kama Mshtarii, uwezekano huo ni takribani 1 katika 1,000. Hata ikilingana, mtazamaji atangoja miaka 12 aione mara ya pili.

Njia ya pili ni kupima kuyumba kwa nyota yenyewe. Sayari inapoizunguka nyota, nayo nyota huvutwa, ikawa inasogea kwetu na kurudi nyuma, na rangi za mwanga wake hubadilika kwa kiasi kidogo mno. Mshtarii hulisogeza Jua kwa kasi ya mita 12.5 kwa sekunde. Dunia hulisogeza kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Kwa hiyo njia hii inayapendelea majitu, lakini inadai miaka mingi ya kupima bila kukata tamaa.

Matokeo yake, kwa muda mrefu sayansi hii ilikuwa na orodha mbili zisizokutana. Orodha moja ilijaa sayari ndogo za karibu ambazo hakuna aliyejua kama zina jitu nje. Nyingine ilijaa majitu ambayo hakuna aliyejua kama yamewafunika wadogo ndani. Kuziunganisha orodha hizo kumekuwa kazi ya miaka mingi, na bado haijaisha.

Ukoo wetu si wa kawaida

Kepler ilipomaliza kazi, jambo moja lilikuwa wazi. Aina ya sayari inayopatikana kwa wingi karibu na nyota zinazofanana na Jua haipo kabisa kwetu. Ni sayari kubwa kuliko Dunia na ndogo kuliko Neptuni, ambazo watafiti huziita supa-dunia zikiwa za mawe, au neptuni ndogo zikiwa na gesi nene juu yake. Zinakadiriwa kuwapo kwenye nyota 3 hadi 5 katika kila nyota 10 zinazofanana na Jua, tena mara nyingi zikiwa kadhaa pamoja, zimebanana katika eneo dogo kuliko njia ya Utaridi, sayari yetu ya ndani kabisa.

Kwetu, ndani ya njia ya Utaridi hamna kitu. Sayari zetu nne za mawe, yaani Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, zikijumlishwa hazifiki hata uzito wa Dunia mbili. Nje yake yuko Mshtarii, mwenye uzito wa Dunia 318. Nyota zinazofanana na Jua zenye jitu la namna hiyo kwenye umbali wa namna hiyo ni takribani 1 tu katika 10.

Mambo mawili yasiyo ya kawaida yakikutana katika nyumba moja, akili huanza kushuku kwamba moja limesababisha lingine. Hapo ndipo nadharia zilipoanza kuzaliwa.

Kokoto zinapozuiwa

Sayari huzaliwa ndani ya sahani pana ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa. Vumbi hugandana na kuwa chembe za ukubwa wa milimita hadi sentimita kadhaa, ambazo watafiti huziita kokoto. Kokoto hizi hazitulii mahali pamoja. Gesi inazipunguza kasi, nazo zinateleza taratibu kuelekea kwenye nyota. Ukitaka kujenga sayari karibu na nyota, mali ghafi yako nyingi inatoka mbali.

Sasa fikiria kwamba mbali huko, ng'ambo ya mpaka ambapo maji huganda kuwa barafu, kiini kimoja kimewahi kukua. Kikifika uzito wa Dunia 10 hadi 20, mvutano wake unaisumbua gesi inayokizunguka na kujenga ukingo ambapo kokoto zinakwama. Baadaye kiini hicho kinavuta gesi nyingi na kuwa jitu, na mtaro mpana unachimbika kwenye sahani. Walio ndani wanapunguziwa chakula. Badala ya supa-dunia zinatokea sayari ndogo chache. Michel Lambrechts na wenzake walionyesha mwaka 2019, kwa hesabu za kompyuta, kwamba mtiririko wa kokoto ukiongezeka mara mbili tu, mfumo unaobaki na sayari ndogo kama zetu unaweza kugeuka kuwa mfumo wa supa-dunia.

Kuna ushahidi kwamba kizuizi kama hicho kiliwahi kuwapo kwetu, nao umehifadhiwa ndani ya vimondo. Watafiti wakipima isotopu za elementi kama molibdeni na tangsteni, vimondo vinagawanyika katika makundi mawili yasiyochanganyika, hata vile vya chuma, yaani jamii ambayo Watanzania wanaijua kupitia kimondo cha Mbozi. Kundi moja lilitokana na mali ghafi ya ndani, lingine na ya nje. Mwaka 2017 Thomas Kruijer na wenzake walionyesha kwamba makundi hayo yalitenganishwa mapema sana, ndani ya miaka milioni 1 tangu mfumo wetu uanze, na yakaendelea kutengana kwa miaka mingine milioni 2 au zaidi. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba kiini cha Mshtarii kilikwisha kufikia uzito wa Dunia 20 wakati huo, kikasimama katikati.

Wengine walimpa Mshtarii kazi nzito zaidi. Mwaka 2015 Konstantin Batygin na Gregory Laughlin walipendekeza kwamba Mshtarii aliwahi kusogea ndani kisha akarudi nje, na katika safari hiyo akazigonganisha sayari za kwanza za ndani hadi mabaki yake yakaangukia kwenye Jua. Mwaka huohuo André Izidoro na wenzake walisema kwamba jitu huzifungia njia sayari zinazotaka kuhamia ndani. Kwa maoni yao, Uranusi na Neptuni ni sayari ambazo zingekuwa supa-dunia za karibu kama Mshtarii asingezitangulia.

Nadharia zote hizi, kwa njia tofauti, zinatabiri jambo moja: penye jitu la mbali, supa-dunia za karibu zinapaswa kuwa adimu. Utabiri huo unapimika. Ulipopimwa, haukutimia.

Hesabu zilipogongana

Mwaka 2018 Wei Zhu na Yanqin Wu walikusanya mifumo iliyojulikana kuwa na supa-dunia na kuuliza ni mingapi kati yake ina jitu la mbali. Walipata takribani theluthi moja, mara 3 ya kiwango cha nyota za kawaida. Mwaka uliofuata Marta Bryan na wenzake wakachunguza mifumo 65 na kupata karibu 39%. Zhu na Wu walikwenda mbali zaidi: kwa hesabu yao, karibu kila jitu la mbali lina supa-dunia ndani yake. Jitu halikuonekana tena kuwa adui wa wadogo. Lilionekana kuwa jirani yao wa kudumu.

Kisha mwaka 2023 ukaja mshtuko. Aldo Bonomo na wenzake walitangaza matokeo ya kupima mifumo 38 yenye sayari ndogo kwa karibu miaka 10, kwa kutumia kifaa cha HARPS-N kilichoko kisiwani La Palma. Walipata majitu ya mbali katika takribani 9% tu ya mifumo hiyo. Hicho ni kiwango kilekile cha nyota za kawaida. Hakukuwa na ziada yoyote.

Makundi mawili ya watu makini yenye vifaa bora yalikuwa yamepata majibu yanayopingana. Aliyepata kuona njia ya kutoka ni yule aliyekumbuka kuuliza swali la zamani zaidi: nyota zenyewe zilikuwa za namna gani?

Utajiri wa nyota

Wanaastronomia huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko haidrojeni na heliamu: kaboni, oksijeni, silikoni, chuma na nyinginezo. Ndizo zinazotengeneza vumbi, na vumbi ndilo linalotengeneza sayari. Mwaka 2005 Debra Fischer na Jeff Valenti, baada ya kuchambua nyota zaidi ya 1,000, walionyesha kwamba majitu hupenda nyota tajiri. Nyota zenye metali pungufu ya Jua zilikuwa na majitu kwa chini ya 3%. Nyota zenye zaidi ya mara 2 ya metali za Jua zilikuwa nayo kwa 25%. Sayari ndogo hazibagui kiasi hicho. Zinazaliwa kwenye nyota tajiri na kwenye nyota maskini.

Mwaka 2024 Marta Bryan na Eve Lee walizitenga nyota kwa utajiri wake kabla ya kuhesabu. Kwenye nyota zenye metali zaidi ya Jua, kuwa na supa-dunia kuliongeza uwezekano wa kuwa na jitu la mbali karibu mara mbili. Kwenye nyota maskini, uhusiano huo haukuonekana. Mgongano wa hesabu ulianza kueleweka, kwani uwiano wa nyota tajiri na maskini katika kundi unaweza kubadili jibu la kundi zima.

Kwa maoni yangu, hili ndilo fundisho kubwa la miaka hii. Jitu na mdogo wanapokuwa pamoja, sababu ya kwanza ni kwamba wote wawili wamezaliwa na sahani yenye mali ya kutosha. Penye kokoto nyingi mno, sayari za ndani hupata mgawo wao mapema, kabla jitu halijafunga njia, na bado zinabaki kokoto za kulijenga jitu lenyewe. Penye kokoto chache, wadogo wanaweza kujengwa lakini jitu halifiki uzito wa kujivutia gesi. Kizuizi kipo, lakini kinakuja kwa wakati fulani, kwenye mtiririko wa kiasi fulani, na hakiko imara kama kilivyochorwa hapo mwanzo.

Tumeshuhudia kizuizi cha namna hiyo kikivuja. Nyota changa PDS 70, iliyo umbali wa miaka-nuru 370 hivi, bado inazungukwa na sahani yake, na ndani ya mtaro wa sahani hiyo majitu mawili yamepigwa picha, la kwanza mwaka 2018 na la pili mwaka 2019. Kwa nadharia ya kizuizi kamili, eneo la ndani lingepaswa kuwa limekauka. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilikuta mvuke wa maji huko ndani, katika umbali wa chini ya kilomita milioni 160 kutoka kwenye nyota, mahali ambapo sayari za mawe huweza kujengwa. Majitu mawili yamesimama mlangoni, na bado mali ghafi ipo ndani.

Baada ya kuzaliwa

Uhusiano hauishii kwenye kuzaliwa. Gesi ya sahani ikishatoweka, kinachobaki ni mvutano, na mvutano unaweza kufanya kazi kwa mabilioni ya miaka.

Ukiwapo ugomvi kati ya majitu yenyewe, hasara huwaangukia wadogo: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Dalili za ugomvi huo tunaziona katika majitu yanayoishi karibu mno na nyota zake. Mwaka 2019, katika shughuli ya dunia nzima ya kutoa majina iliyoandaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo na sayari yake jina la Tanzanite. Kenya iliipa nyota HD 83443 jina la Kalausi na sayari yake jina la Buru, yote mawili kutoka Kijaluo. Tanzanite na Buru ni majitu ya gesi yanayomaliza mwaka wao kwa muda usiofika siku 3. Hayangeweza kujengeka kirahisi hapo yalipo, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba majitu ya namna hii yalizaliwa mbali kisha yakahamia ndani. Mengi yake hayana wadogo jirani kabisa. Zipo nyota chache kama WASP-47, ambako jitu la karibu lina sayari ndogo pande zote mbili na jitu jingine nje, na hizo zinatukumbusha kwamba uhamaji unaweza kuwa wa taratibu pia.

Hata jitu lililotulia mbali huacha alama. Lauren Weiss na wenzake walitumia darubini ya Keck kisiwani Hawaii kwa zaidi ya miaka 10 kutafuta majitu kwenye mifumo 63 iliyogunduliwa na Kepler. Kutokana na kazi hiyo, Matthias He na Weiss waligundua mwaka 2023 kwamba penye jitu nje, nafasi kati ya sayari za ndani hukosa mpangilio. Pasipo na jitu, sayari hukaa kwa nafasi zinazolingana zaidi.

Pi Mensae ni mfano uliokithiri zaidi. Mwaka 2020, kwa kulinganisha vipimo vya setilaiti ya Hipparcos vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vile vya setilaiti ya Gaia, makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba jitu lile halizunguki katika bapa moja na sayari ndogo. Njia zao zimekatana kwa mwinamo mkubwa. Sahani iliyowazaa ilikuwa bapa moja, kwa hiyo kitu fulani kiliwavuruga baadaye. Na bado mdogo yupo, anazunguka kila siku 6 na robo.

Jitu letu bado linafanya kazi

Mshtarii naye hajaacha. Mvutano wake pamoja na wa Zuhura hubadili umbo la njia ya Dunia, kutoka karibu duara kamili hadi duara lililovutika kidogo na kurudi, kwa mzunguko wa miaka 405,000. Mabadiliko hayo yanagusa mgawanyo wa joto la majira. Mwaka 2018 Dennis Kent, Paul Olsen na wenzao walionyesha, kwa tabaka za mawe zilizochimbwa Arizona na mashariki mwa Marekani, kwamba mapigo ya miaka 405,000 yamekuwapo bila kuyumba kwa angalau miaka milioni 215. Dinosaria waliishi chini ya mapigo hayo, nasi tunaishi chini yake.

Utaridi yuko katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2009 Jacques Laskar na Mickaël Gastineau waliendesha hesabu 2,501 za mustakabali wa mfumo wetu kwa miaka bilioni 5 ijayo, kila moja ikianza na tofauti ndogo mno. Katika takribani 1% ya hesabu hizo, mizunguko ya njia ya Utaridi ililingana na ya Mshtarii, njia yake ikavutika kupita kiasi, na sayari hiyo ikaingia katika hatari ya kugongana na Zuhura au kuangukia kwenye Jua. Sayari ndogo kuliko zote, iliyo karibu kabisa na Jua, inaweza kupotezwa na jitu lililo umbali wa kilomita zaidi ya milioni 700.

Swali la kuuliza

Magazeti hutangaza mara kwa mara kwamba pacha wa Dunia amepatikana, na kipimo kinachotumika ni upana wa sayari na joto lake. Vipimo hivyo ni vya kweli lakini havitoshi. Sayari mbili zenye upana mmoja na joto moja zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa: moja ilijengwa kwa mali ghafi ya ndani pekee, nyingine ilipokea barafu kutoka mbali, moja ina majira yaliyotulia, nyingine inavutwa huku na huku na jitu lenye njia iliyopinda. Tofauti hizo zinaamua kama kutakuwa na maji, na kama maji hayo yatadumu.

Kwa hiyo msomaji akisikia habari ya pacha mpya, aulize mambo mawili zaidi: nyota yake ina metali kiasi gani, na nje yake kuna nani. Swali la kwanza hujibiwa kwa kuuchambua mwanga wa nyota kwa makini. La pili linadai subira. Setilaiti ya Gaia ilimaliza kupima Januari 2025 baada ya zaidi ya miaka 10 ya kufuatilia nyota zaidi ya bilioni 1, na uchambuzi wa vipimo vyake unatarajiwa kufichua maelfu ya majitu ya mbali, yakiwa na uzito na mwinamo wa njia zake. Hapo orodha zile mbili zitaanza kuwa orodha moja, na tutaweza kuhesabu ni koo ngapi zimepangwa kama wetu: wadogo wa mawe ndani, nafasi tupu karibu na nyota, na jitu moja lililotulia mbali.